Mkwe wa Chumba cha Uani

Bi Zamda alijifunza kukohoa ukubwani, na wala kifua hakikuwa kinamsumbua. Alikohoa alipotoka ukumbini kwenda jikoni, akakohoa alipotoka jikoni kwenda kisimani, na safari ya msalani ilikuwa na kikohozi cha kwenda na cha kurudi, ili mkwewe Shilinde, aliyeishi chumba cha uani, apate nafasi ya kujitoma ndani na kufunga mlango. Shilinde naye kila alipotaka kutoka aligonga ndoo. Basi nyumba ile ya Ng'ambo, Tabora, ilishinda na kikohozi na ndoo, ndoo na kikohozi, mpaka jirani yake Advera, mwanamke wa Kihaya aliyeuza dagaa, akamletea tangawizi na limau kwenye chupa.

"Kunywa, dada. Hicho kikohozi kitakuua."

"Si kikohozi," Bi Zamda alisema. "Ni mkwe."

Watu wa pale hawahitaji kuelezwa zaidi. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mama haoni mwili wa mkwewe ukiwa wazi hata kwa bahati mbaya. Sheikh wa mtaa alikwisha kumwambia kwamba dini haimkatazi kitu, kijana yule ni maharimu wake, ni sawa na mwanawe wa kumzaa. Bi Zamda alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi nyumbani akakohoa. Bibi yake aliyemlea kule Kwihara alikuwa amekufa siku nyingi, lakini kwa jambo hili alikuwa bado anatawala.

Mila hiyo haina uzito mkwe akikaa kwake na mama mkwe kwake. Balaa ni kukaa ua mmoja. Shilinde alikuwa mtoto wa wafugaji wa Igunga. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake alikuja mjini kubeba magunia, akampenda Hafsa, binti wa Bi Zamda, akasilimu na kupewa jina la Ismaili, jina ambalo halikutoka nje ya cheti cha ndoa. Walipanga chumba chao vizuri tu, mpaka mvua za mwaka jana zikaangusha ukuta wa tope usiku wa mvua ya mawe, na Bi Zamda mwenyewe ndiye aliyesema njooni mkae kwangu wiki mbili tatu. Sasa mvua nyingine zilikuwa zimekuja na zimepita.

Mtaa haukunyamaza. Mwanamume anayeishi ukweni ni kitoweo cha kila baraza. Shilinde alipokwenda bombani na ndoo zake, wanawake walimpisha foleni kwa kejeli. "Mpisheni bibi harusi," walisema. Yeye alicheka pamoja nao, akajaza maji, akaondoka. Hafsa alimpelekea ugali wake akiwa ameufunika kwa kawa, akizunguka nyuma ya jiko, na hata sahani hiyo watu waliijua. Hicho kicheko cha Shilinde ndicho kilichomuudhi zaidi Bi Zamda. Angalau angekasirika, alijiambia, ingejulikana kuwa ndani yake mna mwanamume.

*

Ijumaa baada ya swala, Mzee Abdulatifu alikuja kutoka Kwihara. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Bi Zamda, na tangu kifo hicho yeye ndiye aliyesema neno la mwisho katika ukoo. Alikaa barazani kwenye kiti cha mgongo, akala matobolwa ya viazi vitamu na karanga alizoandaliwa, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Hafsa yuko wapi?"

Hafsa alitoka, akapiga goti. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Na huyo mwenzio?"

"Yupo mazoezini."

"Mazoezini." Mzee alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta nywele mdomoni. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wenu amepewa chumba, amepewa mke, amepewa ugali, na jembe hajalishika. Sasa nasikia anataka kupigana na bingwa."

Habari hiyo mji mzima ulikuwa nayo. Mustafa, bingwa wa ngumi wa nchi, ambaye kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemlaza chini, alikuwa anazunguka mikoa ya reli akicheza na mabondia wa huko. Tabora walimwandalia mtu wa Mwanza, naye akalazwa kwa malaria. Festo, mwalimu wa ngumi wa Ng'ambo, hakuwa na mtu mwingine wa uzito ule isipokuwa Shilinde, mcheza mieleka aliyekuwa amevaa glavu kwa miezi michache tu. Mshindi angepewa pikipiki mpya, nayo ilikuwa imekwisha kuzungushwa mjini juu ya gari dogo la mizigo, imefungwa riboni nyekundu, spika zikipiga kelele.

"Si mtu wa ngumi yule, ni wa mieleka," Hafsa alisema polepole, "lakini, baba mkubwa, kwao hakuna aliyewahi kumwangusha."

"Kwao walikuwa wanaangushana wachunga ndama. Sikiliza. Sikuja kugombana. Akishinda kesho, akapata hiyo pikipiki, ataifanyia kazi, atapanga chumba, na mke ni wake, mimi nitakuja kuwapongeza. Akishindwa, Jumapili asubuhi nakuja na bajaji. Unakwenda Kwihara kwa mama yako mkubwa, na mimi nitamwomba yeye talaka kwa ustaarabu. Mwanamume asiye na kwake hana mke. Shemeji, wewe unasemaje?"

Hafsa alimgeukia mama yake. Alikuwa binti asiyejua kubishana na wakubwa, na macho yake yalisema wazi kwamba analingoja neno la mama, na kwamba neno lolote atakalolitoa ndilo atakalolifuata.

Bi Zamda alifikiria kejeli za bombani. Alifikiria tangawizi ya Advera, na jinsi alivyokuwa hawezi kutembea kwa raha katika ua uliojengwa kwa fedha za maandazi aliyouza mwenyewe. Alichoka. Hilo tu, alichoka.

"Sawa, shemeji," alisema. "Akishindwa, mchukue."

Hafsa hakulia. Alikusanya maganda ya karanga kwenye sinia, moja moja, hata yale yaliyokuwa chini ya kiti cha mzee.

*

Jioni ile mama na binti walikuwa jikoni, mmoja anakanda unga, mwingine anachambua mboga.

"Umemwambia?" Bi Zamda aliuliza.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema baba mkubwa ana haki. Angekuwa na binti naye angesema vilevile." Hafsa aliendelea kuchambua mboga ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa safi. "Mama, hujawahi kumsikia akizungumza. Unajua kikohozi chake tu."

"Mimi ndiye ninayekohoa. Yeye anagonga ndoo."

Wakacheka wote wawili, bila kutaka, kisha Hafsa akafunika uso kwa upande wa kanga na kicheko kikageuka kilio. Bi Zamda alinyoosha mkono wenye unga, akaurudisha. Kilichomliza mtoto wake kilikuwa kimetoka kinywani mwake yeye.

Uani ndoo iligongwa. Bi Zamda aliinama juu ya unga na kutazama mikono yake mpaka nyayo zikapita.

*

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa zamani wa sinema. Bi Zamda alisema haendi. Kisha Advera akaja amevaa kitenge cha sikukuu, na Bi Zamda akasema anakwenda kumwangalia binti yake tu, maana hawezi kumwacha Hafsa peke yake katikati ya wanaume, ameshika taulo na chupa ya maji. Alijifunika ushungi mpaka nyusi. Wakapata nafasi kwenye benchi la katikati, nyuma yao wamekaa wazee wa kutoka Igunga waliokuja na basi, mmoja wao akiwa Mzee Ngollo, baba mdogo wake Shilinde, amevaa kofia ya sufu na fimbo yake ya kuchungia mkononi.

Mustafa alipoingia ukumbi uliinuka. Alikuwa mtu mzuri wa kutazama, bukta ya dhahabu, anapunga mkono kama aliyekuja kufungua shule. Shilinde alipoingia watu walicheka. Bukta yake ilikuwa ya kuazima na Hafsa alikuwa ameipunguza kiuno kwa mkono. Hayo Bi Zamda aliambiwa na Advera, kwa sababu mkwewe alikuwa kifua wazi, na yeye alikuwa amekwisha kuyatupa macho yake sakafuni, kwenye maganda ya karanga na vizibo vya soda, na pale yangebaki.

"Sasa utaona nini?" Advera alishangaa.

"Wewe niambie."

"Haya. Kengele imelia. Yesu wangu, huyu bingwa ana mikono mirefu. Amempiga. Amempiga tena. Wako amesimama miguu imeachana hivi, utadhani anangoja kutwishwa gunia."

Ukumbi ulikuwa unacheka. Raundi ya kwanza yote Bi Zamda alisikia mlio mmoja tu, glavu ikigonga nyama, na kila mlio ulimfanya abane vidole vya miguu ndani ya kandambili. Alikuwa anamchukia mtu huyu? Hapana, alijibu mwenyewe. Mtu unayemchukia hapigwi tumbo lako likauma.

Raundi ya pili kicheko kilipungua. Raundi ya tatu hakikuwepo.

"Dada," Advera alisema, sauti imebadilika, "haendi nyuma."

"Nani?"

"Wako. Anapigwa lakini harudi nyuma hata kidogo. Na huyu bingwa akichoka anamkumbatia apumzike, si ndivyo wafanyavyo? Sasa amemkumbatia mtu wa mieleka! Anamsukuma, hasogei. Anamlalia, hasogei. Refa akiwaachanisha, bingwa ndiye anayetoka anahema."

Nyuma yao Mzee Ngollo alicheka kwa koo. "Huyo amekwenda kupumzika mdomoni mwa mamba," alisema. "Ng'ombe dume ameshindwa kumsukuma kijana yule, sembuse mtu aliyekula chipsi."

Na kweli, kilichokuwa kikitokea pale ulingoni hakuna aliyewahi kukiona. Mustafa alijua ngumi zote, na Shilinde alijua tatu labda, lakini alikuwa na kitu ambacho hakifundishwi kwa miezi michache wala kwa miaka michache, nacho ni kujua uzito wa mwenzako uko wapi. Tangu angali mdogo nyuma ya mifugo alikuwa ameushika mwili wa mtu mwingine kifuani, akausikiliza unaegemea wapi na utaanguka wapi. Bingwa alipoinua mguu, Shilinde alikuwa amekwisha kujua. Alikula ngumi mbili ili atoe moja, na hiyo moja ilikwenda mbavuni, palepale, kila mara palepale. Mapema katika raundi ya nne watu wa Tabora, ambao walikuwa wamekuja kuona bingwa, walianza kuita jina la mbeba magunia. "Shi-li-nde! Shi-li-nde!" Wanawake wa bombani nao walikuwepo, na sauti zao zilikuwa juu kuliko zote.

Ndipo ukaja mshindo. Ukumbi ukakata sauti, halafu ukapasuka.

"Ameanguka!" Advera alipiga kelele, amemkamata Bi Zamda bega. "Bingwa yuko chini! Dada, bingwa yuko chini, tazama!"

Bi Zamda akainua macho.

Alimwona mkwewe kwa mara ya kwanza. Kifua wazi, jasho, jicho moja limevimba, damu puani, mtu mkubwa mwenye sura ya upole ambayo ngumi hazikuweza kuiondoa. Chini yake Mustafa alikuwa chali, miguu inatafuta sakafu na haiioni. Refa alikuwa anahesabu kwa vidole. Kwenye kona Festo alikuwa anaruka, pikipiki yenye riboni inameta pembeni ya ulingo, na Hafsa amefunika mdomo kwa taulo.

Na Shilinde akainama. Akampita refa, akapitisha mkono chini ya kwapa la Mustafa, na mkono mwingine mgongoni, akamwinua kwa uangalifu kama ainuavyo mtu baba yake mgonjwa. Alipokwisha kumsimamisha akaanza kumpangusa mgongo kwa glavu.

Ukumbi ulipiga yowe moja refu la uchungu. Festo aliangukia magoti. Refa aliacha kuhesabu, akamvuta Shilinde pembeni, akamfokea, akawaonyesha majaji kidole kimoja juu kwamba amekatwa pointi. Wasaidizi wa bingwa walipata nafasi ya kumpigia kelele aamke, na yeye akapata nafasi ya kuvuta pumzi, na macho yake yakarudi mahali pake.

"Mjinga!" watu walilia. "Mjinga wa Igunga! Alikuwa amekwisha!"

Mtu mmoja tu katika ukumbi wote alikuwa anapiga makofi. Alikuwa Mzee Ngollo, amesimama, machozi yanashuka waziwazi.

"Mbona unamshangilia?" kijana mmoja alimkaripia. "Amejiharibia!"

"Amefanya alivyofunzwa," mzee alijibu. "Kwetu mtu akilala mchezo umekwisha. Unamwinua, unampangusa vumbi, kabla hata mama yako hajakushangilia. Usipomwinua, huo si ushindi, ni wizi. Mimi ndiye niliyemfunza. Hizi hesabu zenu za vidole sikumfunza, sizijui."

Bi Zamda hakurudisha macho sakafuni. Raundi mbili zilizobaki alizitazama zote, mila au si mila. Aliona jinsi bingwa aliyefufuliwa alivyomlipa aliyemfufua, ngumi juu ya jicho lilelile, halafu na la pili. Aliona Shilinde akipigana bila kuona vizuri, kwa kusikiliza, akisogea mbele, mbele tu, mpaka kengele ya mwisho ikawakuta wote wawili wamesimama, paji la uso la mmoja juu ya bega la mwingine, na haikujulikana nani amemshikilia nani.

Majaji walimpa Mustafa kwa pointi moja. Watu walizomea, wengine walitupa chupa, lakini hesabu ni hesabu. Bingwa mwenyewe hakuinua mikono. Alimfuata Shilinde kwenye kona yake, na kipaza sauti cha mtangazaji kilikuwa karibu, kwa hiyo ukumbi wote ulisikia.

"Kaka, kwa nini uliniinua?"

Shilinde alimgeuzia uso uliovimba, kama aliyeulizwa jambo lililo wazi mno.

"Ulikuwa chini," alisema.

*

Jumapili asubuhi Shilinde alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake, macho yote mawili yamefumba kwa uvimbe, begi lake dogo miguuni. Alikuwa amejifungia begi mwenyewe kwa kupapasa. Alimwambia Hafsa kwamba ahadi ni ahadi, yeye hatangoja kufukuzwa, akianza kuona tu atakwenda stendi. Hafsa alikuwa chumbani, amekaa kitandani, nguo zake amezikunja na kuzikunjua na kuzikunja tena. Alikuwa anangoja neno la mama.

Bajaji ilisimama nje. Mzee Abdulatifu alishuka amevaa kanzu yake safi, hakukaa, akabaki amesimama barazani na fimbo yake ya mkangazi.

"Poleni kwa yaliyotokea," alisema. "Mungu hakupenda. Hafsa yuko tayari?"

"Karibu ukae, shemeji."

"Sikai. Dereva anangoja."

"Basi na asimame tu," Bi Zamda alisema. "Hafsa haendi."

"Shemeji, tulikubaliana mbele ya mtoto. Akishindwa, namchukua. Ameshindwa. Au pikipiki mmeificha uvunguni?"

"Pikipiki alikuwa ameishika. Mji mzima umeona. Ameiacha amwinue mtu."

"Ndio ujinga wenyewe huo! Mtu ana mke, hana chumba, anapata riziki mkononi halafu anaitupa kwa adabu za machungani. Umpe mwanao mtu kama huyo?"

Hafsa alikuwa amesikia, akaja kusimama nyuma ya pazia la ukumbini. Uani Shilinde naye alikuwa amesikia, na begi alilishika mpini. Dereva wa bajaji alizima injini ili asikose neno. Bi Zamda aliwajua wote walipo. Alikuwa mwanamke wa kunong'ona maisha yake yote, mwenye kufunika sufuria ili majirani wasijue kumepikwa nini, na sasa hakupunguza sauti.

"Mimi nilikaa na ndugu yako mpaka nilipomzika," alisema. "Alikuwa fundi cherehani wa kusifiwa. Alikuwa na nyumba, alikuwa na jina, hakuna aliyemcheka bombani. Na wewe unaikumbuka siku nilipoteleza pale kisimani, mimba yangu ya kwanza ikatoka. Mlikuwa mnakwenda harusini, wewe na yeye. Mlitokea mlango ule wa uani. Nilikuwa nimelala tope tupu, na damu, nikamnyooshea mkono."

Abdulatifu alifungua mdomo.

"Alisema atachafua kanzu. Akaniruka. Na wewe, shemeji, ukaniruka nyuma yake."

Hafsa aliinua pembe ya pazia amwone mama yake. Hakuwahi kuambiwa kwamba kabla yake kulikuwa na mwingine.

"Mtu wa mwanangu amemwinua adui aliyekuwa anampasua uso," Bi Zamda alisema. "Mimi sitamtoa binti yangu kwa huyo nimpeleke kwenu. Niliposema mchukue nilikuwa nimechoka, na nilikosea. Nenda salama. Wasalimie Kwihara."

Mzee Abdulatifu alitafuta jibu katika fimbo, kisha katika vidole vya miguu yake. Mtu aliyezoea kusema neno la mwisho hapati shida kubwa kama siku anayolikosa. Alitaka kusema kwamba yale yalikuwa ya zamani, na akaona mwenyewe kwamba ni kweli, yalikuwa ya zamani, na kwa miaka yote hiyo mwanamke huyu alikuwa akimkaribisha kiti na kumwekea karanga. Alirudi kwenye bajaji. Dereva alihangaika kuiwasha, na mzee alikaa ndani yake ameinamisha kichwa mpaka ikakubali.

*

Bi Zamda alichemsha maji ya chumvi, akachukua kitambaa cha kanga kuukuu, laini kwa kufuliwa, akavuka ua. Hakukohoa.

Shilinde alikuwa bado kwenye kigoda, kifua wazi, uso umeelekezwa juani. Alisikia nyayo, na maji yakimwagika kidogo kwenye karai. Kitambaa cha moto kilipogusa jicho lake alishtuka, kisha akatulia, akaegemeza kichwa mkononi mwa aliyekuwa akimhudumia.

"Taratibu, Hafsa," alisema. "Hilo la kushoto linauma. Mama amesema nini kule nje? Nimesikia nusu tu. Nimesikia kama analia."

"Hajalia," Bi Zamda alisema.

Mwili mzima wa Shilinde ulikakamaa. Alijaribu kuinuka, akapapasa mlango, akapapasa ukuta, mtu ambaye bingwa wa nchi alishindwa kumsogeza akitafuta pa kukimbilia.

"Mama! Nisamehe, mama, sikujua, sioni, nilidhani…"

Bi Zamda alimwekea kiganja begani, kwenye ngozi tupu, akamkandamiza. Naye akakaa.

"Tulia," alisema. "Bado jicho la pili."